Ukurasa wa Arobaini na Saba

Wa kwanza kupewa pole alikuwa mama mkwe. Alikuwa anatoka dukani na chumvi yake, hana ugomvi na mtu, kinyozi wa kona akamsimamisha na kumwambia kwa heshima zote, "Pole kwa meno, mama. Lakini yamekukaa vizuri, mtu hawezi kujua kama si ya kwako." Bibi kizee akafumba mdomo. Alikuja kuufumbua alipofika nyumbani, na alipoufumbua haukufumbika tena mpaka adhuhuri.

"Kinyozi anayajulia wapi meno yangu?" alimuuliza mke wa mwanawe. "Mimi nimempelekea kichwa au mdomo?"

Mke wa mwanawe alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti, kwa kuwa aliongoza kikundi cha akiba cha akina mama thelathini na mmoja, na kikundi hicho sasa kilikuwa kimeomba leseni ya kuwa benki. Benki ndogo, ya dirisha moja, lakini benki.

"Labda amebahatisha tu, mama."

"Amebahatisha mpaka bei? Kaniambia nilipunjwa!"

Mguu wa Mwenyekiti ukaganda juu ya pedali. Bei ya meno yale ilikuwa imeandikwa mahali pamoja tu duniani: kwenye sehemu ya siri ya maombi ya leseni, ukurasa wa arobaini na sita, mbele ya maneno "gharama za matibabu ya wategemezi wa mwombaji". Sehemu hiyo, aliambiwa siku ya kuipeleka, wangeisoma maofisa watatu peke yao, tena mlango umefungwa.

Aliacha mkono wa sare ukining'inia kwenye sindano, akachukua mkoba wake, akatoka.

Idara ya Leseni ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba. Chumba cha kusomea kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na benchi refu lililojaa watu wa mtaani kwake. Kinyozi alishatangulia, kaacha duka lake wazi. Juu ya kiti alikaa mwanamume mnene asiyemjua, analamba kidole na kufunua kurasa, na kila akifunua anasema "Loo!" kwa sauti ya chini. Ukutani yalibandikwa masharti: Kila mwananchi ana haki ya kusoma maombi ya benki. Faili lisomwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Msomaji asiharakishwe.

Karani wa masjala, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimvuta pembeni. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba. Maombi ya benki yana majalada mawili. Jalada la wazi lina jina la benki, mahali itakapokuwa na watu itakaowahudumia, ili wananchi wasome kwa siku thelathini na mwenye pingamizi aseme. Jalada la siri lina mambo ya ndani ya waanzilishi.

"Sasa, mama, karatasi zimebadilishana majalada. Za siri zimevaa jalada la wazi, za wazi zimevaa la siri."

"Basi zivue uzivalishe upya."

"Siwezi. Jalada la siri likishapigwa lakiri halifunguliwi ila kwa kibali cha Mkurugenzi. Na la wazi likishawekwa wazi haliondolewi kabla ya siku thelathini. Tutaambiwa tunawaficha wananchi."

"Kwa hiyo humo kwenye siri mmefungia nini?"

Karani akatazama kushoto, akatazama kulia. "Jina la benki. Na anwani."

"Jina la benki lina siri gani? Tumeshalishona kwenye vilemba, tume..."

"Mama!" Karani aliinua viganja vyote viwili. "Nakuomba usilitaje humu. Kuna watu."

Mwenyekiti alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Uso ulikuwa umemtoka jasho.

"Kuna njia moja," karani akasema. "Andika barua ya kuomba usiri. Taja kila taarifa unayotaka ifichwe, ukurasa na mstari, na madhara yatakayotokea ikijulikana."

"Halafu?"

"Halafu tunaibandika pale mlangoni kwa siku kumi na nne, wananchi watoe maoni kama ifichwe au isifichwe."

"Watatoaje maoni juu ya jambo wasilolijua?"

"Ndiyo maana tunaibandika." Karani akashusha sauti. "Mwaka jana kuna mzee aliomba tumfichie mke wa pili. Barua ilisomwa na wake zake wote wawili, na mwingine ambaye hata kwenye fomu hakuwemo. Lakini usivunjike moyo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa," alisema Mwenyekiti. "Sasa nataka kujifunika."

Haya ya meno angeyameza. Angemeza pia ukurasa wa thelathini, ulioeleza kwamba alirudia darasa la saba, na wa thelathini na nne, ulioorodhesha vyombo vya ndani mpaka kikaango kisicho na mpini. Kilichomnyima pumzi kilikuwa ukurasa wa arobaini na saba.

Swali lilikuwa moja: "Taja malipo yoyote unayoyafanya mara kwa mara bila mwenzi wako kujua." Chini yake palikuwa na onyo kwamba atakayetoa jibu la uongo atafungwa. Siku ile ya kujaza fomu, Mwenyekiti alikaa na swali hilo mpaka wali ukaungua jikoni. Mwisho alipima, jela upande huu na maofisa watatu upande ule, akachagua maofisa. Akaandika: "Kila mwezi huwapa wanawake wanane hadi kumi fedha za kupeleka saa kwa mume wangu, ambaye ni fundi saa, kwa kuwa wateja wamekwisha. Ni mwaka wa sita huu. Saa mbovu zisipopatikana, nzima huharibiwa kwanza."

Mumewe alikuwa fundi hodari, mtu wa lenzi jichoni na bisibisi nyembamba kama unywele. Kosa lake lilikuwa kuishi mpaka wakati ambapo kila mtu anatazama saa kwenye simu. Lakini kila jioni alirudi kutoka kibandani kwake akitembea wima, akaweka fedha mezani na kusema, "Watu bado wanaheshimu saa, mke wangu." Fedha zenyewe zilikuwa ni zilezile. Zilitoka kwa mkewe, zikaenda kwa akina mama, zikapita kwa fundi, zikarudi kwa mkewe, kidogo zimelowa jasho.

Mwenyekiti alirudi kwenye benchi, akachukua namba, akangoja. Kinyozi alikuwa mbele yake kwa namba moja, lakini mwanamume mnene alipoinuka, kinyozi alikuwa amekwenda msalani. Mwenyekiti akakaa kwenye kiti, akafungua ukurasa wa arobaini na saba, akaweka viwiko vyake viwili juu yake.

"Samahani, mama," alisema kinyozi aliporudi. "Hiyo ilikuwa zamu yangu. Jana niliishia wa arobaini na sita. Nataka kujua kilichofuata."

"Nasoma," alisema Mwenyekiti.

"Utamaliza lini?"

Mwenyekiti akanyoosha kidole ukutani. Msomaji asiharakishwe.

Alisoma mpaka ofisi ikafungwa. Kesho yake alifika na wenzake kabla ya milango kufunguliwa, wakachukua namba za kwanza, na saa sita mchana akampokeza kiti mweka hazina wa kikundi, naye mweka hazina akampokeza muuza mkaa, mwanachama mwenzao, wakapokezana bila kiti kupoa. Wote walifungua ukurasa mmoja tu. Muuza mkaa hakujua kusoma kabisa, lakini aliukazia macho ukurasa ule kwa bidii iliyomfanya karani amletee maji.

Siku ya nne benchi lilianza kunung'unika. "Ukurasa mmoja siku nne?" mtu alilalamika kwa karani. "Hata Mungu aliumba dunia kwa siku sita."

"Sheria haisemi kasi," karani alijibu. "Imetaja haki tu."

Nyumbani sare za shule zilirundikana bila vifungo. Fundi Saa alikula chakula cha jana siku tatu mfululizo bila kulalamika, siku ya nne akauliza.

"Siku hizi unashinda wapi, mke wangu?"

"Idarani. Nasoma maombi yetu."

"Si uliyaandika mwenyewe?"

"Nahakikisha."

Akatikisa kichwa. "Mimi nami biashara imelala ghafla. Wiki hii sijashika hata saa moja. Sijui wale akina mama wamepatwa na nini."

Mwenyekiti akainuka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa motoni. Wale akina mama walikuwa kwenye zamu.

Mtu asiye na kazi hutembea. Siku ya sita Fundi Saa alifunga kibanda, akapanda ngazi za ghorofa ya pili, akachukua namba kumi na tisa na kukaa kwenye benchi, kofia mapajani. Mkewe alikuwa kwenye kiti. Hakumwona mpaka chumba kilipotulia ghafla.

"Mke wangu," alisema Fundi, bila hasira, "watu hawa wananiambia unasoma ukurasa mmoja tangu wiki iliyopita. Una nini ukurasa huo?"

"Nenda nyumbani, mume wangu. Nitakuja tuzungumze."

"Nimepewa namba. Mimi pia ni mwananchi."

Mwenyekiti aliwatazama waliokaa kwenye benchi. Kinyozi alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi. Alijua kwamba kabla ya siku thelathini kwisha zamu ingekatika hata mara moja, kinyozi akawahi kiti, na siku hiyo mumewe angesomewa ukurasa ule na kinyozi, mbele ya kioo, shingo imefungwa shuka. Akainuka.

"Kaa," alimwambia. "Bora usome mwenyewe."

Fundi alikaa. Kwa mazoea akatoa lenzi mfukoni, akaibana jichoni, akausoma ukurasa kama anavyochungulia tumbo la saa, kipande kwa kipande. Alisoma mara tatu. Kisha akauliza bila kuinua uso, "Huharibiwa kwanza?"

"Mbovu zilikuwa hazitoshi."

"Ile iliyoingia maji?"

"Tuliitia kwenye ndoo."

"Na ya muuza mkaa, iliyovunjika kioo mara nne?"

"Nyundo, shemeji," muuza mkaa alijibu kutoka kwenye benchi. "Nisamehe."

Fundi alimgeukia. "Nilifikiri watu wa mtaa huu hawajui kutunza vitu. Nilikupa nasaha!"

"Na zilinifaa, shemeji. Siku hizi hata vikombe sivunji."

Hapo benchi likashindwa kujizuia. Alianza kinyozi, wakafuata wengine, wakacheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na karani akagonga meza kwa muhuri. Fundi Saa alitoa lenzi jichoni, akaifuta kwa kitambaa, akavaa kofia. Alishuka ngazi taratibu, anashika ukuta.

Siku tatu kibanda hakikufunguliwa. Fundi alikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa watu. Mama yake alimwendea mara moja tu.

"Mwanangu," alimwambia, "meno yangu yamesomwa na mji mzima na bado natafuna. Ingia ndani ule."

Hakuingia. Jioni ya siku ya tatu mkewe alibeba rundo la sare mpaka uani, akakaa karibu naye, akaanza kupachika vifungo. Sare ya kwanza ilikuwa imepata vifungo vyote Fundi aliposema:

"Umenifanya mtoto. Ananunuliwa peremende na mama yake, kisha anamuuzia mama yuleyule."

"Unakumbuka ule mwezi wa mvua? Ulikwenda kibandani siku ishirini na sita, ukawa unafungua saa yako mwenyewe na kuifunga. Nilikuona. Nilikuja kukuletea mwavuli, nikarudi nao."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba wateja hakuna? Ulikuwa unawaona mwenyewe walivyokuwa hawapo."

Fundi aliokota kifungo kilichoanguka, akakizungusha kwenye vidole. "Miaka sita yote. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa miguu yake?"

Mwenyekiti alifikiri. Alitaka jibu la kweli, na la kweli lilikuwepo. "Yupo mmoja. Mwaka juzi ulisema kaja mzee na saa ya mfukoni. Huyo sikumtuma mimi."

Uso wa Fundi ukafunguka, kisha ukajikunja tena. "Yule alilalamikia bei," alisema polepole. "Nikamfukuza. Nikamwambia mimi nina wateja wengi."

Walitazamana. Mwenyekiti ndiye aliyeshindwa kwanza. Alijificha uso kwenye sare ya mtoto wa watu, mabega yakitikisika. Fundi alijaribu kukasirika, akashindwa, cheko likamtoka puani kwa uchungu, kama mtu aliyepaliwa.

"Kaandike hiyo barua yao," alisema baadaye. "Kuogopa kumekwisha faida."

Walikwenda pamoja. Karani alipokea barua, akaisoma, akavua miwani.

"Mama, umeandika kwamba ukurasa huu ukijulikana, mume wako ataumia. Haya ni madai. Idara inataka ushahidi wa madhara."

"Ushahidi ni mimi," alisema Fundi Saa. "Nimejua, na nimeumia."

Karani alifurahi kweli. Waombaji wengi, alieleza, hushindwa hapo, kwa sababu siri ikiwa bado imefichika huwezi kuthibitisha kwamba ikifichuka itadhuru, na ikifichuka huwa hawaoni tena sababu ya kuomba. Alitoa fomu ya njano. Ilikuwa na swali moja: "Umeumia kiasi gani?" na visanduku vitatu: kidogo, wastani, sana.

Fundi alishika kalamu. Mkewe alitazama mahali pengine, kwenye kalenda ya ukutani, na hakuona tarehe hata moja. Akasikia kalamu ikikwaruza.

"Wastani?" karani alisoma, akasikitika. "Mzee, kwa wastani huenda ombi lisipite. Jaza sana. Ni kisanduku tu."

"Nimesema wastani," alijibu Fundi Saa. "Na hapo chini mmeandika kwamba mwongo atafungwa."

Mwenyekiti alichukua mkoba wake. Katika kushuka ngazi alimshika mumewe mkono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya hadharani tangu siku ya harusi, na waliokuwa kwenye benchi waliliona na kulitolea maoni.

Siku kumi na nne za barua zilipita, na siku thelathini za faili zikatimia. Barua zikaja mbili.

Ya kwanza ilimwambia Mwenyekiti kwamba ombi la usiri limekubaliwa. Kuanzia tarehe hiyo ukurasa wa arobaini na saba ulikuwa siri. Wote waliokwisha kuusoma waliitwa idarani kutia saini kwamba hawatausema, na kinyozi naye alisaini, maana faini ilikuwa kubwa kuliko duka lake. Mwombaji mwenyewe alionywa asimfunulie mtu wa tatu yeyote yaliyomo, "akiwemo mwenzi wake". Mwenyekiti alimsomea mumewe onyo hilo mezani.

"Basi mimi sijui kitu," alisema Fundi Saa, akaongeza mchuzi.

Barua ya pili ilitoa leseni. Kulikuwa na sharti moja: jina na anwani vilikuwa bado chini ya lakiri, na Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye kufungua lakiri, alikuwa masomoni kwa miaka miwili. Kwa hiyo akina mama walifungua benki yenye kibao cheupe kisicho na neno. Watu wakawa wanaiita Ile. "Nimeweka Ile," wangesema, au, "Ngoja kwanza nitoe Ile." Siku ya kwanza foleni ilifika barabarani, na mbele kabisa alisimama bibi kizee, anatabasamu kwa meno yote.

Jumatatu iliyofuata Fundi Saa alifungua kibanda. Alifagia, akapanga bisibisi zake kwenye kitambaa, akakaa. Hakujiambia kwamba mtu atakuja. Jua lilikuwa limefika utosini alipomwona kinyozi anavuka barabara, amekumbatia saa ya ukutani ya duka lake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Imesimama," alisema kinyozi, bila kumtazama machoni.

Fundi hakuipokea. "Umetumwa?"

Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama nyuma yake. "Fundi, nimetia saini. Siruhusiwi kujibu swali hilo."

"Hata kama hukutumwa?"

"Nikisema sikutumwa, nitakuwa nimesema kwamba wapo waliotumwa."

Fundi Saa alipima hoja hiyo, akaona haina mwanya. Akaichukua saa, akailaza kifudifudi, akafungua skrubu nne za mgongoni na kubana lenzi jichoni. Ndani mlikuwa na nywele. Nyeusi, nyeupe, za watoto laini kama vumbi, za wazee ngumu kama waya, zimejisokota kwenye kila gurudumu, tabaka juu ya tabaka, nywele za mtaa mzima kwa miaka isiyopungua ishirini. Kitu kama kile hakikutoka kwenye ndoo wala kwenye nyundo. Hakuna mwanamke duniani, hata mkewe, ambaye angeweza kukipanga.

Alikaa ameinamia saa ile kitambo kirefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Imekufa?" kinyozi aliuliza.

"Haijafa," alisema Fundi Saa. Akataja bei. Kinyozi akapiga kelele kwamba huo ni wizi wa mchana, na kwamba kwa fedha hizo angenunua mpya na chenji abaki nayo. Fundi akamsogezea kigoda kwa mguu, akamwambia akae, bei inazungumzika, kisha akachukua kibano na kuanza kutoa nywele, moja baada ya nyingine.